Siondoki Mpaka Ndago Iishe

Mwanangu alinunua nyumba bila kutazama chini. Alitazama paa, akatazama mabomba, akawasha na kuzima kila taa, kwa sababu ni fundi wa lifti na watu wa lifti hutazama juu tu. Mkewe alitazama jiko. Ardhi ya uani hakuna aliyeiuliza habari zake. Aliyewauzia bila shaka alikwenda zake akicheka, maana aliwauzia vyumba vitatu, choo cha ndani na ndago, na ndago aliwapa bure.

Asiyeijua ndago namwonea wivu. Kwa juu ni majani tu, membamba, yanayong'aa, yanayochomoka popote ulipopanda kitu cha maana. Unayashika kwa vidole viwili, yanatoka bila ugomvi, nawe unavimba kichwa kwa siku nzima. Chini ya ardhi umeacha kokwa nyeusi, ndogo kuliko haragwe, na kokwa hiyo imeshikana kwa uzi na kokwa nyingine, nayo na nyingine, mpaka chini ya ukuta wa jirani. Wewe umeinyoa nywele tu. Juma lijalo unaikuta imerudi, na safari hii imekuja na ndugu zake.

Mimi nilifika katika nyumba hiyo nikiwa sioni vizuri. Nilikuja kutolewa mtoto wa jicho, nikae majuma mawili, jicho lipone, nirudi kwangu. Bandeji ilipoondolewa, mkwe wangu alinishika mkono akanitoa uani nipate hewa, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho langu jipya kilikuwa aibu. Nyanya zimekonda, mrihani umelala ubavu, na ndago imeenea toka mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi la maji, imestarehe kama yeye ndiye mwenye hati ya kiwanja. Nami nilikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yangu yote ya kazi. Uchafu sijapata kuufumbia jicho, hata hilo lililokuwa bovu.

"Siondoki hapa mpaka ndago ya mwisho iishe," nikasema.

Nilisema kwa hasira, sikuwa na hila yoyote. Lakini jioni, nilipokuwa nakunja nguo zangu, maneno yale yalinirudia na nikayaona matamu. Kwangu ni vyumba viwili vya kupanga ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Tangu mume wangu afariki, anayenisemesha ni msoma mita, naye ana nyumba nyingi za kupitia. Karakana ikifungwa jioni, kinachobaki ni mngurumo wa jokofu, na nimewahi kulijibu. Hapa kwa mwanangu palikuwa na watu wawili wanaogombania kioo asubuhi, wanaoulizana nani amemaliza sukari, wanaoniuliza nimelalaje. Nilitaka kukaa. Kuomba ndiko nilikokuwa sikuwezi, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nagawa vitanda, na anayegawa vitanda haombi kitanda. Basi ndago ikanisemea. Mwanangu naye ni mtoto mtiifu asiyefikiri sana, kwa hiyo hakuuliza swali.

Kosa langu ni kwamba nilitangaza vita mbele za watu. Ukitangaza vita, kila mwanamume aliye karibu hujipa ujemadari.

Wa kwanza alikuwa Bwana Dawa, aliyeletwa na mwanangu kutoka sijui wapi. Alikuja na bomba la kupulizia mgongoni, barakoa imening'inia chini ya kidevu, na maneno ya kitaalamu aliyoyasoma asubuhi hiyohiyo kwenye karatasi ya chupa. Nasema hivyo kwa sababu kila alipokwama aliigeuza chupa akachungulia. Akaniamuru niingie ndani. Nikamwona kupitia dirishani akipulizia kila kilichokuwa na rangi ya kijani, pamoja na ndoo. Hazikupita siku nyingi nyanya zikafa, mrihani ukafa, na waridi la mkwe wangu lililokuwa ndani ya mkebe nalo likaenda na maji. Ndago ikageuka manjano kwenye ncha. Mwanangu akampigia simu, akaambiwa hiyo manjano ndiyo dalili yenyewe. Kweli ilikuwa dalili, maana muda si muda ndago ilipona ikabaki peke yake uwanjani, haina wa kuisumbua. Bwana Dawa hakupokea simu tena.

Wa pili alikuwa Dereva, jirani yetu wa ukuta wa nyuma, mstaafu wa malori makubwa. Huyo kila asubuhi aliegemeza viwiko vyake juu ya ukuta akanitazama nikifanya kazi kana kwamba amekata tiketi.

"Dada, unajitesa bure," akaniambia. "Hiyo dawa yake ni oili chafu. Unamwaga oili, ardhi inanyamaza."

"Kwako umemwaga?"

"Zamani sana. Mimi sina shida ya magugu."

Niligeuza ndoo, nikapanda juu yake, nikachungulia. Uani kwake palikuwa peusi, pananuka gereji, hapaoti hata uyoga. Isipokuwa ndago. Zilisimama wima kila mahali, nyeusi nusu, zinametameta.

"Naona umezipaka mafuta ya nywele," nikamwambia. "Zimependeza."

Hakuonekana ukutani kwa siku kadhaa, na nilifanya kazi yangu kwa amani.

Lakini aliyetia fora ni wa kwangu mwenyewe, niliyemzaa. Jumamosi moja alirudi na pawatila ya kukodi, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, akaliingiza uani kwa mlango wa pembeni huku akikwangua rangi ya ukuta.

"Mama, leo kaa upumzike," akasema. "Kazi ya mwezi mzima hii inamaliza mchana mmoja."

"Utazikatakata," nikasema.

"Si ndiyo maana yake?"

Alilima. Alikwenda na kurudi, akageuka kwenye kona kwa madaha, akapungia mkono mkewe aliyekuwa dirishani, naye mkewe hakupunga. Jioni ardhi ilikuwa laini kama unga. Akamwaga mbegu za nyasi za mapambo alizonunua kwenye paketi yenye picha ya nyumba ya tajiri, akamwagilia, akaniambia nisubiri nione. Nikasubiri. Uani kulikuja kuwa kijani tupu, sawasawa, toka ukuta hadi ukuta, na mwanangu akapiga picha akawatumia wenzake wa kazini. Wakamsifu. Akaanza kutoka uani jioni na kikombe chake cha chai, anasimama pembeni asizikanyage. Mimi nilinyamaza, kwanza kwa sababu nilikuwa nimemwambia, pili kwa sababu ilinipa muda wa kutosha kukaa.

Aliyemaliza mchezo ni mkewe. Aling'oa shina moja, akaliosha kwenye sinki pamoja na kokwa yake na nyuzi zake zinazoning'inia, akaliweka pembeni ya sahani ya mumewe wakati wa chakula. Mwanangu aliligeuza kwa uma, akatazama dirishani, akarudi kulitazama shina.

"Zote?" akauliza.

"Zote," mkewe akasema, akaendelea kula.

Mbegu za paketi hazikuota hata moja. Kilichotokea ni kwamba pawatila ilikata nyuzi zote, na kila kokwa iliyokuwa imelala ikishikiliwa na mwenzake iliamka ikaanza maisha yake. Alikuwa na shamba la ndago lililopandwa kwa mashine, na watu wa lifti walikuwa wamelisifu.

Huyo mkwe wangu nimseme kidogo. Ni msaidizi wa daktari wa meno. Kutwa yuko na watu waliofunua vinywa wasioweza kumjibu, kwa hiyo akirudi nyumbani hana mazoea ya mazungumzo. Sikuwa nampenda sana. Ubaya hakuwa nao, lakini alikuwa akinitazama kama anavyotazama wagonjwa wake, anangoja aone wapi panauma. Alichokitaka katika nyumba ile ni bustani ya mboga, amekitaka tangu siku waliyohamia, naye alikuwa hajapata kuvuna hata jani. Aliponikuta na jembe asubuhi baada ya aibu ile ya pawatila, alisema, "Mama, usichoke," akaenda kazini. Nikaona ananihimiza nimalize niondoke.

Sasa nikaanza mwenyewe, kwa njia yangu.

Bwenini kwetu kuliingia kunguni mwaka mmoja. Walikuja wataalamu na mapipa ya dawa, kunguni wakawaangalia wakapita. Niliwatoa mimi, kitanda kwa kitanda. Simalizi kitanda hiki mpaka nimefunua kila mshono wa godoro, na siendi cha pili mpaka nimekirudia cha kwanza. Hakuna ujanja mwingine. Basi na uani nikafanya vivyo hivyo. Nilipiga vigingi, nikafunga kamba, nikaugawa uwanja kuwa vitanda, vyote upana mmoja, na njia katikati. Nikachukua kigoda, jembe uma na chekeche la mchanga lililoachwa na mafundi. Unachimbua kwa uma bila kukata, unafuata uzi kwa kidole mpaka kokwa, kutoka kokwa unafuata uzi unaofuata, huvuti, huna haraka. Udongo wote unaupitisha kwenye chekeche. Kokwa zinaingia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, na kopo likijaa linamwagwa juu ya bati ukutani, jua lizikaange mpaka ziwe kama kokoto. Majani ya juu sikuyatupa kwenye shimo la mbolea kama afanyavyo Dereva, ambaye huzika ndago zake huko kisha akazisambaza mwenyewe kwa toroli.

Mgongo uliniuma na magoti yalilia, lakini kitanda cha kwanza kikawa safi. Nilikirudia mara ya pili na ya tatu, kikabaki safi. Cha pili kikafuata. Dereva alirudi ukutani akasema labda ni msimu tu. Nikamwambia labda, na nikamuuliza msimu huo mbona haujafika upande wake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelewa sifa. Nilikula vizuri, nililala fofofo, nilianza kumsimulia mkwe wangu habari za kokwa wakati akiosha vyombo, naye akaniuliza maswali ya maana. Nikafika nusu ya uwanja, nikapita nusu, na kwa ujinga wangu wote sikuona nilikokuwa naelekea.

Nilionyeshwa na mwanangu mezani.

"Mama, umetuweza," akasema. "Yaani nimepita pale uani nikasema huyu ndiye mama yangu. Ukimaliza, nitaomba ruhusa kazini nikupeleke kwako mwenyewe, si kwa basi. Na nilitaka iwe siri, lakini basi tu. Nimekupakia rangi kule."

"Rangi?"

"Sebule yote, na chumbani. Nimekuwa nikipitia jioni baada ya kazi. Najua umepakumbuka kwako."

Aliniangalia akingoja nifurahi. Kwenye kucha zake kulikuwa na rangi ya samawati, na nilikuwa nimeiona siku zote hizo nikidhani ni mambo ya lifti. Nikamshukuru. Mkwe wangu alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake la meno.

Kesho yake nilikaa kwenye kigoda changu nikautazama ule uwanja nilioutakasa kwa mikono yangu miwili, nikaona nimejifukuza mwenyewe. Kulibaki vitanda vichache kando ya tangi. Nikavilima polepole. Nikajisingizia kuumwa kiuno, nikapumzika, nikarudi, nikavilima polepole zaidi. Nilifuata uzi mmoja asubuhi nzima. Lakini kazi nzuri ina ubaya wake, haijui kusimama, na ikafika siku nikapitisha udongo wa kitanda cha mwisho kwenye chekeche na haukubakiza kitu. Mwanangu akasema Ijumaa ataomba ruhusa.

Basi nikapanda ndago. Nasema wazi, wala siombi radhi. Nilichukua kopo la mwisho ambalo bado sijalianika, nikalitia mfukoni mwa aproni, nikaenda nyuma ya tangi la maji ambako haonekani mtu, nikazididimiza kokwa moja moja ardhini kwa kidole. Mkononi nilikuwa na kokwa ambazo nilizisaka kwa magoti yangu, na sasa nazilaza kitandani kama wasichana wa kidato cha kwanza. Nikazimwagilia. Mwanangu alipoona majani yamechomoka alishika kichwa.

"Kumbe hazijaisha," akasema.

"Nilikwambia ni kichwa ngumu," nikasema. Ijumaa ile ikaahirishwa.

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Ndago ambayo dawa haikuiweza, oili haikuiweza na pawatila iliizalisha, mimi nilipoipanda kwa mapenzi ikakataa kukaa. Leo naiona imeota vizuri nyuma ya tangi, kesho hakuna kitu, udongo umesawazishwa. Nikapanda tena. Zikaota, zikatoweka. Nikamshuku panya, nikamshuku Dereva, ingawa Dereva angeng'oa kitu angekisimulia mtaa mzima. Kopo langu lilikuwa linaelekea mwisho. Nikawa mtu wa ajabu, mtu mzima niliyekula chumvi nyingi, natembea nimeinama kwenye vitanda vyangu mwenyewe safi nikitafuta walau ndago moja niliyoisahau.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikatoka kwa mlango wa jikoni na buli la maji. Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi, amevaa sare yake nyeupe ya kazini, pindo amelifunga mapajani lisichafuke. Ndago alizitoa kama anavyofanya kazini kwao, kwa mzizi, bila kutikisa pembeni. Kila aliyoitoa aliitazama kokwa yake, akaitia kwenye mfuko wa nailoni.

Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe. Kimya chote kile, maswali yote yale wakati wa kuosha vyombo, ilikuwa ni kuhesabu siku zangu.

"Nisubiri basi niondoke mwenyewe," nikamwambia. "Hakuna haja ya kunifukuza kwa kujificha."

Hakuruka. Aligeuka polepole akaniangalia, kisha akaliangalia buli mkononi mwangu.

"Mama, hizi zimepandwa," akasema.

"Nani apande ndago?"

"Ndago haijipangi." Akaonyesha kwa kidole. Zilizobaki zilikuwa zimesimama mstari mmoja ulionyooka, shibiri kwa shibiri, na nyuma yake mstari wa pili, nao umeelekezana na wa kwanza. Wala sikuwa nimelifikiria. Mkono wangu umepanga vitanda miaka yote hiyo, haujui kupanga kitu ovyo. "Mara ya kwanza nilifikiri ni mimi naona vibaya. Mara ya pili nikaona umeacha na njia ya kupita."

Nilisimama na buli langu nikajiona mjinga kuliko wote niliowacheka. Bwana Dawa alishindwa na ndago, Dereva alishindwa na ndago, mwanangu alishindwa na ndago. Mimi nilishindwa na mstari.

"Umemwambia mumeo?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake anapanda magugu?"

"Kwa hiyo unazing'oa nimalize niende zangu."

Mkwe wangu alicheka. Nilikuwa sijapata kumsikia akicheka, na hakikuwa kicheko cha upole.

"Nazing'oa kwa sababu nataka kupanda mchicha," akasema. "Na kwa sababu nimechoka kungoja. Kila nikizitoa nasema leo hana pa kujificha, leo atasema. Nawe unaleta nyingine, unazinyeshea. Mtu mzima, mama, umewasimamia watoto wa watu maisha yako yote, neno moja linakushinda, afadhali utambae kwa magoti nyuma ya tangi?"

Hakuna aliyewahi kusema nami hivyo, si mwanafunzi, si mwalimu mkuu, si marehemu mume wangu. Nilitafuta hasira sikuiona. Nilichokiona ni kwamba nilikuwa na hofu, hofu ya kitoto kabisa, ya kumtazama mwanangu usoni nikamwomba anipe mahali, akasita.

"Wewe ungependa nikae?" nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua.

"Mimi ningekuwa sitaki ungeshajua. Meno mabovu siyaachi kinywani mwa mtu."

"Basi mwambie mumeo."

"Sikusemei." Alifungua pindo, akalipangusa. "Nyumba hii ina wenyewe wawili. Mmoja umeshamsikia. Mwingine ni mwanao, kamwombe mwenyewe. Mimi nachelewa kazini."

Akang'oa mstari wote uliobaki mbele yangu, bila haraka, akafunga mfuko, akauchukua. Nikarudi ndani na buli limejaa.

Kutwa nzima nilifanya mazoezi. Nililiambia kabati la vyombo, nikaliambia pazia. Nilipanga maneno ya heshima, kwamba jicho linahitaji kuangaliwa, kwamba ngazi za kule ni nyingi, kwamba mchicha nao unataka mtu wa kushinda nao. Yote yalikuwa ya kweli na yote yalikuwa porojo, ndago zilezile kwa jina jingine. Jioni mkwe wangu alipakua wali na mchuzi wa dengu, akaketi, akaanza kula kimyakimya. Hakunisaidia hata kwa kope.

Mwanangu ndiye aliyeanza. "Nimetazama nyuma ya tangi. Pasafi. Basi Ijumaa hii, mama?"

"Sitaki kurudi kule," nikasema.

Kijiko chake kilisimama njiani.

"Kule kuna ukimya," nikasema. "Nasikia jokofu. Nataka kukaa hapa na nyinyi. Nakuomba."

Lile neno la mwisho lilitoka dogo mno. Mwanangu alinitazama, akamtazama mkewe, akaitazama sahani. Huyu ndiye mtoto aliyepiga picha ndago akaiita nyasi, lakini nilikuwa namwogopa kuliko mtu yeyote duniani.

"Lakini nimeshapaka rangi," akasema.

Nikazitazama kucha zake.

"Sina maana hiyo. Nilidhani unatuvumilia tu, mama. Siku zote ulikuwa unasema ukimaliza, ukimaliza." Akajikuna shingo, na nikaona anavyohangaika kutafuta swali la maana, na kama kawaida yake akaokota lililokuwa karibu. "Yaani ukae mpaka lini?"

Mkwe wangu aliweka kijiko mezani. Alitaka kumpa vidonge vyake, nikaliona lile jicho limewaka, lakini nilimshika mkono. Swali lilikuwa langu.

"Mpaka nife," nikasema. "Tarehe sina."

Macho ya mwanangu yalijaa taratibu, kwanza moja, kisha la pili, wala hakuyafuta. Akasukuma kiti nyuma, akachukua simu yake juu ya jokofu, akampigia mwenye nyumba wa kule papo hapo, amesimama, ametugeuzia mgongo.

"Mama harudi," akasema. Sauti ilimkatika akaianza upya. "Hapana, hajambo. Mama anakaa kwetu. Ndiyo, moja kwa moja. Rangi ibaki, atakayekuja aitumie."

Nikainama juu ya sahani yangu. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye mchuzi mbele ya mkaza mwanangu, jambo ambalo nilikuwa nimejiapiza halitatokea nikiwa hai. Nikamwambia ni pilipili.

"Sijatia pilipili," akasema, akaniongezea wali.